Aliyekuonyesha tundu si mwizi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo nataka kuwasimulia kisa ambacho kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Mwaka 2016 nilimtengenezea mfanyabiashara mmoja wa Nairobi tovuti ambapo wateja wake huingia na kuona ankara zao. Siku moja mteja mmoja akatuma barua pepe. Alikuwa amebadilisha namba iliyo mwishoni mwa anwani ya ukurasa, 1042 ikawa 1043, akajikuta anasoma ankara ya mtu mwingine: jina, simu, mtaa anaoishi na deni lake.

Bosi akanipigia simu akiwa amewaka. "Huyu ni mdukuzi, nampeleka polisi!"

Nikafungua kompyuta, nikajaribu. Kweli. Programu yangu ilikuwa inauliza "Je, umeingia?" lakini haiulizi "Je, hii ni ankara yako?" Kurekebisha kulihitaji mistari minne tu. Kumshawishi bosi amshukuru yule mteja badala ya kumshtaki kulichukua siku mbili.

Msidhani makosa haya ni ya sisi wadogo. First American, kampuni kubwa ya Marekani inayoshughulika na bima ya hati za nyumba, ilikuwa na tundu hilo hilo. Mwandishi Brian Krebs alipolifichua Mei 2019, alisema nyaraka zipatazo milioni 885 zilikuwa wazi, zikiwemo namba za akaunti za benki na taarifa za mikopo. Kinachouma ni kwamba wataalamu wa usalama wa kampuni hiyo walikuwa wameliona miezi kadhaa kabla. Halikuzibwa, na wakuu waliotoa tamko kwa umma hawakuwa wameambiwa. Mwaka 2021 tume inayosimamia masoko ya hisa huko ikawatoza dola 487,616.

Hapa Kenya, wakati wa kisa changu sheria haikuwapo. Sasa ipo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kile kilicho kidogo.

Kwa hiyo wenye biashara, wekeni kwenye tovuti zenu anwani ya kupokea ripoti za matundu, na isomwe na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Kisha ingieni kama wateja wawili tofauti, mjaribu kufungua vya mwenzenu.

Jambo moja sikulisema. Nilipopekua kumbukumbu za seva, nilikuta watu wengine wawili walikuwa wamebadilisha zile namba kabla ya yule mteja.

Hao hawakuandika barua pepe.