Mbio zinalipa, au ni kipaji tu?

Test zimeisha, boom halijaingia, basi leo niandike lile lililotubishanisha juzi pale hosteli: mbona sisi wa Mbulu na Hanang tunakimbia toka enzi, na pesa yake tumeanza kuisikia juzi juzi tu?

Wengine wanasema kipaji, milima, hewa nyembamba. Sawa, lakini milima ilikuwepo hata enzi za mzee John Stephen Akhwari. Mwaka 1968 kule Mexico alianguka, akaumia goti, akamaliza marathoni wa mwisho kati ya 57 waliofika. Dunia nzima inamjua. Kisha akarudi Mbulu kulima. Enzi hizo Olimpiki ilikuwa ya ridhaa, heshima unapata, mshahara hakuna.

Akaja Filbert Bayi wa Karatu, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, dakika 3:32.16. Yeye alikuwa jeshini. Gidamis Shahanga wa Hanang akachukua dhahabu ya marathoni Jumuiya ya Madola 1978, baadaye akaenda kusoma na kukimbia chuo kikuu huko Texas. Mnaona? Kila aliyefika mbali alikuwa na mtu anayemlisha wakati anafanya mazoezi.

Halafu sheria zikalegea. Kuanzia 1982 wanariadha wakaruhusiwa kuwekewa fedha kwenye mfuko maalumu, na 1997 mashindano ya dunia yakaanza kutoa zawadi za pesa. Ndiyo maana Gabriel Geay, kijana wa Mbulu, alipokuwa wa pili Boston 2023, nafasi ile ilikuwa na dola 75,000. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu, jirani yetu wa Singida na askari wa JWTZ, akampita Mjerumani kwa sekunde 0.03 pale Tokyo. Bingwa wa dunia wa kwanza wa riadha kutoka Tanzania! Dola 70,000 hizo.

Sasa hapa ndipo roho inaniuma. Nikiwa field, dogo mmoja wa kidato cha pili, anayekuja shule mbio kila asubuhi, aliniuliza: "Mwalimu, mtu akikimbia sana anapata kazi?" Nikamwambia ndiyo, ila njia ni ndefu. Kati ya UMISSETA na hiyo Boston kuna miaka mitano sita ambayo hakuna anayekulipa. Nyumbani wanataka ukalime, au uende Arusha kutafuta kibarua. Wengi wanapotelea hapo hapo, siyo kwa kukosa mapafu.

Kwa hiyo, walimu wenzangu watarajiwa, tukipangiwa vituo tusiishie kupuliza filimbi. Tuwapime watoto muda, tuuandike, tuongee na wazazi, tuwaunganishe na kambi na majeshi mapema. Medali za Olimpiki bado tunazo zile mbili tu za 1980, zote fedha. Ya dhahabu huenda saa hizi inachunga ng'ombe Katesh.

Mnaonaje wadau? Mnaobisha tukutane kafeteria, chai juu yenu.