Asiyeonekana na Mpanda Miti: Dhamira ya Kutoonekana katika Filamu za Kisayansi

Dhana ya kutoonekana ni kongwe kuliko filamu. Katika masimulizi ya Waswahili na majirani zao, atowekaye machoni pa watu hutoweka kwa hirizi, kwa dawa au kwa kiinimacho. Bunilizi ya kisayansi haikuizua dhana hii, bali iliihamisha kutoka mkobani mwa mganga hadi maabarani. Hivyo swali linalomstahili mhakiki si namna mtu anavyotoweka. Ni nani achaguaye kutoweka, na ni nani atowekeshwaye na wengine? Swali hili lina uzito wa pekee likiulizwa kutoka Elburgon, mji wa mbao na baridi ulio ukingoni mwa Msitu wa Mau.

Filamu iliyoiwekea dhamira hii msingi ni The Invisible Man ya James Whale (1933), iliyotokana na riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1897. Griffin, mwanakemia, agundua dawa imfanyayo asionekane, na mara moja aanza kuota kuitawala dunia. Hata hivyo, uwezo wake una kasoro. Chakula huonekana tumboni mwake kabla hakijasagika. Mvua na ukungu humchora umbo. Hatimaye nyayo zake thelujini zamsaliti, apigwa risasi, na uso wake waonekana kwa mara ya kwanza akiwa maiti. Katika mantiki ya filamu hii, kutoonekana ni mamlaka yasiyo na uwajibikaji, na jamii haina njia ya kumrejesha mwenye mamlaka hayo ila kwa kumwua. Hollow Man ya Paul Verhoeven (2000) yafuata njia iyo hiyo.

Filamu ya Leigh Whannell ya mwaka 2020, yenye jina lile lile la The Invisible Man, yaigeuza kamera. Haimfuati tena mwanasayansi, bali mwanamke anayewindwa na mpenzi wake wa zamani ambaye haonekani. Kitishacho zaidi si adui huyo. Ni kwamba hakuna amwaminiye mwanamke. Basi katika filamu hiyo wamo wasioonekana wawili: mmoja kwa vazi alilojibunia, mwingine kwa sababu ushahidi wake hausadikiwi.

Kutoonekana huku kwa pili si jambo geni Elburgon. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter (1932–34) haikuwatambua Waogiek wa Mau kuwa jamii yenye ardhi yake; ilipendekeza wamezwe katika maeneo ya makabila mengine. Msituni mlikuwa na watu, lakini waraka haukuwaona. Mwezi Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 wahame. Mnamo tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki zao za ardhi, utamaduni na kutobaguliwa, na kwamba uhifadhi wa msitu haukuweza kuhalalisha kuwafukuza. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia na wapewe hatimiliki ya pamoja. Hapa, kinyume na Griffin, kuonekana si adhabu; ndiko kunakodaiwa.

Kuna pia asiyeonekana ambaye hata mahakamani hakufika. Chini ya mfumo wa shamba, ulioanzishwa Kenya mwaka 1910, familia ilipewa kipande cha msitu uliokatwa, ikalima mahindi na viazi huku ikipanda na kupalilia miche ya misonobari. Baada ya miaka michache kivuli cha miti kilifunika mazao, nayo familia ikahamia kipande kingine. Kadiri mpandaji alivyoifanya kazi yake vizuri, ndivyo alivyoharakisha kuondoka kwake. Miti ilibaki ikahesabiwa, yeye hakuhesabiwa.

Ni katika mwanga huu ambapo Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu (2009), inapaswa kutazamwa. Katika dunia iliyokaushwa na vita vya maji, Asha, mtunzaji wa makumbusho, apata udongo wenye uhai. Watawala wamkataza kutoka nje na kumwamuru anywe vidonge vya kuzuia ndoto, yaani hata kile akionacho usingizini chatakiwa kisionekane. Atoroka, apanda mche jangwani, aunywesha maji yake ya mwisho, kisha aukinga kwa mwili wake. Kamera yapaa, mti waota alipolala, naye hatumwoni tena.

Wahakiki wengi wangeusifu mwisho huo kuwa ni sadaka ya kishujaa, na kwa hakika ni hivyo. Lakini msomaji aijuaye historia ya Mau hana budi kusita. Asha amechagua kutoweka chini ya mti wake, ilhali mpandaji wa mfumo wa shamba hakuulizwa. Mkitajwa mti pasipo kutajwa aliyeupanda, taswira ya sadaka yaweza kugeuka pazia. Kinachoiokoa filamu ya Kahiu ni kwamba imetuonyesha kwanza mikono, jasho na kiu ya Asha. Mti ujapo, hadhira tayari yajua gharama yake.

Katama Mkangi alidhihirisha katika Walenisi (1995) kwamba Kiswahili chaweza kubeba safari za angani pamoja na hoja za haki kwa wakati mmoja. Bunilizi itakayotungwa kesho kuhusu Elburgon haitahitaji dawa ya Griffin. Yatosha ianze na ubao uliopasuliwa kiwandani, kisha iulize ni nani aliyeupalilia mti huo ulipokuwa mche, na alihamishiwa wapi.