Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Likizo ya Agosti

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Unataka shauri kabla shule hazijafungwa: ukope chamani uwapeleke watoto Nairobi kwa treni, au fedha hizo umpe mwalimu wa twisheni, maana huridhiki kuona wiki zote za likizo zikiishia mbele ya televisheni. Mimi naona usifanye la kwanza wala la pili. Wakae Mombasa, uwatoe siku za Jumamosi kwenda mahali pachache palipo karibu, na kila mahali wapate kurudi tena na tena. Hapo kwenye kurudi ndipo palipo na hoja yangu yote, na ndipo tunapopadharau kwa sababu mahali pa karibu huonekana ni pa wasio na uwezo.

Kitu kinachoonwa mara moja humstaajabisha mtoto, akapiga picha, basi. Swali la maana humjia wiki ya pili, akiwa ameshalala na kuamka na alichokiona, na swali hilo halina faida kama kitu chenyewe kiko umbali wa siku nzima ya safari. Chukua mfano wa pwani ya Nyali au ya Bamburi. Mkienda Jumamosi ya bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, mnamo saa nne asubuhi mtakuta maji yamekupwa kabisa, miamba iko wazi na vidimbwi vimejaa kaa na vijisamaki. Jumamosi ya pili, saa ile ile, maji yatakuwa yamejaa, ingawa si kwa kishindo kwa kuwa yatakuwa maji mafu. Mtoto aliyefika mara moja ataondoka akiamini kwamba pwani ndivyo ilivyo. Aliyefika mara mbili ana jambo la kuuliza, na jibu lake anaweza kulitafuta mwenyewe kwa kalamu: kupwa na kujaa huchelewa kwa dakika zipatazo 50 kila siku, kwa hivyo kwa siku saba ni karibu saa sita, nao ndio muda baina ya maji kukauka na maji kujaa. Mwanao mkubwa wa darasa la sita anaweza kukadiria Jumamosi ya tatu kabla hamjatoka nyumbani, kisha mwende mkamhakiki. Kalenda ya mwezi mwandamo iliyotundikwa ukutani itamtosha, na kama imepitwa na siku moja au mbili, hilo nalo ni somo.

Ningekuwa mimi, likizo nzima ningeifungamanisha na jiwe la matumbawe, kwa sababu Mombasa imesimama juu yake. Kuta za Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ni za jiwe hilo, na zimeketi juu ya mwamba wa jiwe hilo hilo. Nyumba kongwe za Mji wa Kale zimejengwa nalo, zikapigwa lipu ya chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa. Ukitoka hapo ukapanda matatu ya Bamburi, unafika Haller Park, ambako jiwe hilo la kale lilichimbwa miaka mingi kutengeneza saruji, likasagwa na kuchomwa pamoja na udongo kwa joto la nyuzi zipatazo 1,450, likabaki shimo jeupe lisiloota kitu. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti humo. Mivinje ikastahimili jua na chumvi, lakini majani yake membamba yakawa yanarundikana chini bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Leo watoto huenda kuangalia twiga na viboko, na kusimuliwa habari za kiboko Owen aliyejishikiza kwa kobe Mzee baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Kisa hicho ni kitamu na hakina madhara. Lakini mimi ningewainamisha chini wamtafute jongoo, kwani yeye ndiye aliyefanya kazi.

Kazi za nyumbani za katikati ya wiki zitoke katika matembezi hayo, zisiwe jambo la kando. Watoto watie yai zima ndani ya bilauri ya siki. Ganda litatoa povu, kwa sababu limeumbwa kwa kitu kile kile kilichounda jiwe la matumbawe, na gesi inayopanda ni ile inayotiwa katika soda. Kwa siku moja au mbili ganda litakuwa limeisha, yai limebaki na utando wake. Kisha watie siki kwenye kipande cha chokaa, na kwenye kombe lililovunjika, wakaone. Matumbawe ya baharini wasiyaguse wala wasiyakanyage, maana hayo bado ni viumbe hai, na sehemu kubwa ya bahari iliyo mbele ya Nyali na Bamburi imo ndani ya hifadhi tangu 1986. Ngomeni nako warudi mara ya pili wakiwa na daftari na uzi wa kupimia: unene wa ukuta ni mikono mingapi, mizinga inaelekea wapi, maji ya kunywa yalitoka wapi katika ule mzingiro wa Waomani ulioanza 1696 usiishe mpaka 1698. Mara ya kwanza waache wakimbie tu.

Utaniambia kwamba haya yote ni mazuri, ila watoto wanasahau hesabu. Hofu hiyo siidharau, ina ushahidi. Mwaka 1996 Mmarekani Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 wakaona kwamba likizo ndefu ya kule huwarudisha wanafunzi nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na kwamba hesabu huumia kuliko kusoma. Wamekuja wengine wakatilia shaka vipimo vyenyewe. Hata tukivikubali, likizo yao hukaribia miezi mitatu, na yetu ya Agosti ni wiki chache. Kinachonishughulisha zaidi ni utafiti mwingine, uliofanywa Recife nchini Brazil na kutolewa 1985 na Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann. Waliwafuata watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni, wakawauliza bei na chenji palepale. Watoto walipata asilimia 98 ya majibu. Hesabu hizo hizo zilipoandikwa kwenye karatasi kama za darasani, bila nazi wala ndimu, walipata asilimia 37.

Wapo wanaousoma utafiti huo wakasema shule haina maana. Mimi siusomi hivyo. Unaonyesha kwamba akili ya sokoni na akili ya daftari zinaweza kukaa ndani ya kichwa kimoja zisijuane, na twisheni ni kuongeza daftari juu ya daftari. (Tena twisheni ya likizo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ingawa sote tunajua inavyoendeshwa vyumbani.) Kazi ya mzazi wakati wa likizo ni kuzikutanisha hizo akili mbili. Mpe bintiyo wa pili fedha za soko la Kongowea, anunue mwenyewe, na akirudi aandike: kilo ngapi, bei gani, imebaki ngapi. Agosti ni kusi, bahari imechafuka na samaki wameadimika, kwa hivyo bei ya kila wiki iandikwe chini ya ile ya wiki iliyopita. Safu ile ya tarakimu itamfundisha kutoa na asilimia, na itamfanya aulize kwa nini wavuvi hawaendi mbali.

Najua pia kwamba unafanya kazi mpaka jioni, na ndiyo sababu nimesema Jumamosi. Siku nyingine waachwe na nyanya yao, madrasa yao na michezo yao, na ukiambiwa hakuna cha kufanya usikimbilie kuwatafutia. Mtoto aliyechoka kukaa bure hujitafutia jambo, mradi simu imewekwa juu ya kabati. Hatari ya bahari sina jibu jepesi juu yake: wasiende bila mtu mzima, mshuke maji yakiwa bado yanakupwa, na yakianza kupanda mgeuke, hata kama wanalia.

Nairobi haina ubaya, na treni ni jambo la kuonwa na mtoto. Lakini deni la chama litalipwa mpaka Desemba kwa safari ya siku tatu, ilhali kiingilio cha ngome kwa Wakenya ni cha chini kuliko cha wageni, na kwa watoto ni cha chini zaidi. Feri ya Likoni kwa waendao kwa miguu ni bure, na siku mnayokosa hata nauli ya Bamburi inatosha kuvuka na kurudi huku mkihesabu meli zinazoingia Kilindini. Watoto watanung'unika kwamba wenzao wamesafiri. Waache wanung'unike, mradi usiwaombe radhi, kwani ukiwaomba radhi wataamini kweli wamenyimwa.

Ukishajua tarehe ya kufunga shule, niandikie upesi pamoja na Jumamosi ulizo nazo. Nitakutazamia bamvua inaangukia ipi, ili ile ya kwanza isiwapotee.

Wasalaam,
Mjomba wako