Kutoka Ruaha Mbuyuni hata Kalenga

Tulipumzika Ruaha Mbuyuni, penye joto, mibuyu na vitunguu tele, kisha tukaupanda mlima Kitonga tukaingia baridi ya Uhehe. Njiani tukapita Lugalo, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani, hata Zelewski mkubwa wao akauawa. Kalenga ilitekwa mwaka 1894, lakini Mkwawa hakusalimu amri. Wasangu wa Merere walikuwa upande wa Wajerumani, maana Wahehe waliwafukuza kwao, nasi hatuwalaumu. Mwaka 1898 Mkwawa akajiua asikamatwe, wakakichukua kichwa chake. Fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, miaka saba kabla ya uhuru wa Tanganyika. Tulilitazama kimya.