SEHEMU YA 14: Kikoba chetu na uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024

Niliahidi leo tuendelee na habari ya mtoto anayekataa ziwa. Itakuja, msijali. Ila wiki hii nzima mmenijazia ujumbe mmoja tu: "Nesi, mbona uchaguzi husemi kitu?"

Haya, nasema. Lakini kwanza mjue mipaka yangu. Mimi ni mtumishi wa umma. Wodini sivai rangi ya chama chochote, siulizi mgonjwa kadi yake, na hapa sitamwambia mtu ampigie nani. Ukitaka hilo, subiri kampeni zianze, utaambiwa mpaka masikio yachoke. Mimi naongea kama mama, na kama mwanachama wa kikoba.

Kwetu Njinjo, kwenye ile barabara ya kutoka Nangurukuru kwenda Liwale. Kazi nafanya hospitali, na nikipata siku za mapumziko narudi nyumbani. Kikoba chetu tuko 24. Tunakutana Jumapili baada ya alasiri chini ya mwembe. Hisa moja shilingi 2,000, mfuko wa jamii 500. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu tofauti, ili mmoja asiweze kufungua peke yake. Wenye vikoba mnaelewa.

Sasa humo ndani tuko mchanganyiko. Wapo wa UWT, wapo wa Ngome ya Wanawake ya ACT Wazalendo, na yupo bibi yetu mmoja ambaye kadi yake ya CUF bado ameihifadhi kwenye bahasha pamoja na kadi za kliniki za watoto wake, ambao sasa wana wajukuu. Wageni wa Kilwa wanashangaa, lakini sisi hatushangai. Mwaka 2015 majimbo yote mawili ya Kilwa yalikwenda CUF, mwaka 2020 yote yakarudi CCM. Nyumba moja unakuta mume huku, mke kule, na ugali wanakula sahani moja. Miaka yote tumeishi hivyo bila shida.

Shida ilikuja Oktoba 2024, wakati wa kujiandikisha. Siku hiyo tukatembelewa na mgeni, mama mwenye heshima zake, kaja na vitenge. Sitataja chama wala jina, na wala si lazima, maana mwaka mwingine angeweza kutoka chama kingine. Akazungumza vizuri, akatusifu kwa kuweka akiba. Kisha akasema: wote mkichukua kadi, ule mkopo wa halmashauri utakuja haraka.

Yaani hapo ndipo palipoharibika. Nusu wakasema tuchukue, kadi inaua? Nusu wakasema kikoba hiki hakikuanzishwa na chama. Maneno yakawa makali, ya kuambiana "nyie ndio mnaotuchelewesha" na "nyie mnanunulika kwa kitenge". Dada mmoja, mmoja wa wale watatu wenye funguo, akasimama, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Na ufunguo kaondoka nao.

Mngesema aah, si ufunguo tu, Jumapili ijayo utarudi. Lakini Jumapili hiyo mwenzetu mmoja alikuwa anasubiri hela ya mfuko wa jamii. Binti yake alikuwa na mimba ya pacha, wiki ya 34, na mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Kliniki walishamwambia asisubiri uchungu kijijini, aende akae karibu na hospitali mapema. Nauli, chakula cha wiki tatu nne, mtu wa kukaa naye: hiyo ndiyo hela iliyokuwa sandukuni. Imefungwa.

Kwa mama ambaye hajaona hali hii, nieleze kidogo kikazi. Kizazi kilichopasuliwa kina kovu. Pacha wanakivuta kizazi kuliko mtoto mmoja, na mara nyingi uchungu wa pacha unakuja kabla ya wakati. Uchungu ukianzia kijijini usiku, kovu linaweza kuachia, na damu inavuja kwa ndani bila kuonekana. Hapo unahesabu dakika. Na barabara yetu wote mnaijua, hasa Matandu akijaa. Januari 2020 mafuriko yalitukuta Njinjo, watu wakalala nje ya nyumba zao. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapita, barabara kuu ya kwenda Dar ikakatika kule Somanga, magari yakakaa siku kadhaa. Kwa hiyo mama wa mimba ya hatari akiambiwa "nenda mapema", si kwamba daktari anapenda kumsumbua.

Bibi yetu wa bahasha ndiye aliyeokoa. Jioni ile ile kachukua fimbo yake, kaenda hadi nyumbani kwa yule dada. Mimi nilimsindikiza, maana giza lilikuwa linaingia. Akapokelewa, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, akawekewa kiti. Hakutaja chama hata mara moja. Alisema tu: "Mwanangu, nimekuja kuomba ufunguo. Kesho asubuhi kuna gari, na yule binti ni mjukuu wangu kama alivyo wako." Yule dada akaingia ndani, akatoka na ufunguo, na akatoka na kitenge chake kipya, kile kile cha ugomvi, akasema kampeni binti akambebee mtoto. Watoto wenyewe wakaja kuwa wawili, wa kike wote, kilo 2.1 na 2.3, kwa upasuaji, mama mzima. Kitenge kimoja hakikutosha, ila hiyo ni habari nyingine.

Sasa turudi kwenye mkopo, maana hilo ndilo mnalohitaji kujua wengi. Ile hela si zawadi ya chama wala ya mtu. Ni sheria. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha ili kurekebisha utaratibu, kwa sababu hela nyingi hazikuwa zinarudi na vikundi vingine vilikuwa hewa. Mwaka 2024 ikarudishwa. Wanachotaka ni kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti benki na shughuli inayoeleweka. Anayewaelekeza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kadi ya chama haimo kwenye masharti. Ukipenda kuwa na kadi, kuwa nayo kwa sababu unaamini kile chama, ni haki yako kabisa. Ila mtu akikuambia bila kadi hupati mkopo, mwambie aandike kwenye karatasi na asaini. Utaona anavyokumbuka safari.

Jumapili iliyofuata tukaweka sheria mbili kwenye daftari la kikoba. Ya kwanza, skafu na kofia zinabaki nyumbani. Ya pili, mgeni wa chama chochote anakaribishwa, lakini baada ya sanduku kufunguliwa, kuhesabiwa na kufungwa. Sheria ya pili ndiyo nzuri zaidi kwa maoni yangu.

Halafu ikatokea jambo ambalo hatukulitegemea. Wawili kati yetu wamechukua fomu za ujumbe wa halmashauri ya kijiji, kundi la wanawake, mmoja chama hiki na mwingine chama kile. Watu wakaanza kunong'ona, eti sasa kikoba kinakufa. Kwa nini kife? Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Nafasi za wanawake si moja. Wote wawili wanaweza kuingia, tukawa na macho mawili badala ya moja.

Tukawaita wote wawili wajibu maswali, kila mtu swali lake. Nilitegemea watu waulize mambo ya vitenge. Wapi! Mama mmoja kauliza mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa ukae kila miezi mitatu na kusoma mapato na matumizi, nani atahakikisha unaitishwa. Mwingine kauliza ng'ombe wanaoingia shambani, kesi zinaishia wapi. Mwingine, binti mdogo tu ana mtoto mgongoni, kauliza: kisima kikikauka mwezi huu wa 11, mtasema nini kwenye kikao, au mtakaa pembeni mkipika chai ya wajumbe? Tulicheka, lakini wagombea hawakucheka sana.

Mimi nikauliza la kwangu: nani ana namba ya mwenyekiti wa kitongoji usiku wa manane?

Msione ni swali dogo. Kuna mama mwaka huu, wakati wa mvua, alianza kutoka damu usiku. Mume hayupo, kaenda kutafuta. Wakwe wanasema hatuwezi kumtoa mwenyewe hayupo. Aliyevunja ubishi ni mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja na tochi, akasema mwenye mke nitaongea naye mimi akirudi, akapiga 115, ule mfumo wa M-mama wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ambao simu yake ni bure. Akatafuta na vijana wa kumbeba mpaka gari linapofika. Alitufikia akiwa mweupe kama karatasi, lakini hai, na mpaka leo yuko. Mwenyekiti wa kitongoji hana mshahara mkubwa wala gari. Watu wanapiga kura yake kama mchezo kwa sababu si mbunge. Mimi kazini kwangu nakiona cheo hicho mara nyingi kuliko ninavyoona ubunge.

Na hii habari ya kwamba siasa si ya mama mwenye mtoto mgongoni, ni mpya, si ya zamani. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam kabla hajawa mtu wa TANU mwaka 1955. Wanawake aliwafuata huko huko walikokuwa, kwenye vikundi vyao vya ngoma. Hakuwaita ofisini. UWT ilipoundwa mwaka 1962 akawa mwenyekiti wake wa kwanza, na akawa mbunge wa Rufiji, jirani zetu hapo juu. Mwaka 1965 akashindwa ubunge. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akaachiwa mwaka 1972. Namtaja kwa sababu wanaotuambia tukae kimya wanadhani wanatetea mila. Mila ipi? Bibi zetu walichanga, wakacheza na wakachagua.

Najua wengine mmekata tamaa. Mmeniandikia: nesi, mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, sehemu nyingi CCM ikapita bila kupingwa, na mwaka 2024 tukasikia tena wagombea wanaenguliwa, sasa nikapange foleni ya nini? Sina jibu la kuwalazimisha. Mwenye malalamiko ana haki ya kulalamika, na anayesimamia ajibu. Ninachosema ni kwamba ukienda usiende kwa sababu ya kitenge, na usipoenda isiwe kwa sababu mtu kakuambia mwanamke hana shughuli huko.

Sasa maswali yenu ya kikazi, haraka haraka.

Kura ya mwaka 2024 ilikuwa Jumatano tarehe 27 Novemba, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, kituo ulichojiandikishia kwenye kitongoji chako. Kujiandikisha kulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Angalia jina lako kwenye orodha kabla ya siku yenyewe.

Mjamzito na mama mwenye mtoto mchanga hapangi foleni nyuma, anapita mbele pamoja na wazee na wenye ulemavu. Sema tu, usione haya. Beba maji ya kunywa, jua la Novemba si la mchezo.

Aliyejifungua kwa upasuaji wiki hizi mbili, asitembee umbali mrefu kwenye jua kwa ajili ya kura wala kwa ajili ya mkutano. Aliyejifungua salama na ana nguvu anaweza kwenda, mtoto aende naye anyonye, asiachwe nyumbani na uji. Mtoto chini ya miezi 6 hapewi uji hata siku ya uchaguzi.

Mwenye tarehe ya kliniki wiki ya kampeni, kliniki kwanza. Ukiona maji yamevunjika, damu, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au mtoto hachezi tumboni, hapo hakuna mkutano wala foleni. 115.

Mapacha wetu wana wiki yao ya pili. Jumapili hii mama yao mkubwa anarudisha hesabu ya mfuko wa jamii, na wenye funguo wote watatu wamesema watakuwepo. Habari ya mtoto anayekataa ziwa ni sehemu ya 15, Alhamisi.