Wavuvi wa Mto Baridi



Kama unakaa Makete au Njombe, unaijua sakitu. Asubuhi ya mwezi wa Juni unaamka na kukuta majani yamekuwa meupe, na maji ya ndoo yamefanya utando mwembamba wa barafu. Jua likipanda, sakitu inayeyuka, nawe unaendelea na kazi zako za shamba.

Sasa fikiria mahali ambapo baridi hiyo haiondoki kwa miezi mitatu au minne. Fikiria tena kwamba mahali hapo kuna mtu amesimama katikati ya mto. Maji yamemfika kiunoni, naye anavua samaki. Amesimama hivyo tangu asubuhi. Hatimaye anampata samaki wa kilo nne. Anamtoa ndoano, anamshika kidogo ndani ya maji, kisha anamwachia aende zake.

Mtu huyo si mwendawazimu. Ana sababu zake, na leo tutakupeleka kwao ukazione.

Wavuvi hawa wako Michigan, jimbo la kaskazini mwa Marekani. Jimbo hilo limepakana na maziwa makubwa sana. Moja ni Ziwa Michigan, ambalo ni dogo kidogo kuliko Ziwa Viktoria. Mto tunaouendea unaitwa Pere Marquette, maana yake Padri Marquette. Ni jina la padri Mfaransa, Jacques Marquette, aliyefariki mwaka 1675 kwenye pwani ya ziwa hilo. Mto huu una urefu wa kilomita 100 hivi. Unapita karibu na mji mdogo wa Baldwin, unakwenda magharibi kati ya misitu, kisha unaingia ziwani penye mji wa Ludington. Mwaka 1978 Serikali ya Marekani iliuweka katika orodha ya mito inayolindwa kwa sheria.

Ukifika Baldwin mwezi wa Januari utakuta theluji imefunika mashamba, mapaa ya nyumba na matawi ya miti. Usiku baridi hufika nyuzi 10 chini ya sifuri, na mara nyingine huzidi hapo. Maziwa madogo yameganda kabisa, hata watu hutembea juu yake. Lakini mto unatiririka. Kwa nini?

Sababu iko ardhini. Udongo wa huko una mchanga mwingi, ulioachwa na barafu kubwa iliyofunika nchi hiyo maelfu ya miaka iliyopita. Mvua na theluji iliyoyeyuka huzama katika mchanga huo kama maji yanavyozama katika chungio. Maji hayo hukaa chini, kisha hutokea kama chemchemi kando ya mto. Maji ya chemchemi hayabadiliki sana, kiangazi wala majira ya baridi. Ndiyo yanayouzuia mto usigande, na ndiyo yanayowahifadhi samaki.

Samaki wenyewe

Samaki wanaotafutwa hapa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni trauti wa kahawia. Ana madoa meusi na mekundu, na huishi mtoni mwaka mzima. Wa pili anaitwa stilihedi, jina lenye maana ya kichwa cha chuma. Huyu ni trauti anayezaliwa mtoni, akakaa huko mwaka mmoja au miwili, kisha akateremka ziwani. Ziwani anakula samaki wadogo na kunenepa. Baada ya miaka miwili au mitatu anarudi mtoni kuzaa. Wengine huanza kupanda mto wakati wa majani kupukutika, wakakaa humo majira yote ya baridi wakingoja Machi na Aprili. Hao ndio wanaowatoa watu nyumbani kwenye theluji.

Ajabu ni kwamba samaki hawa wote wawili ni wageni. Zamani mto huu ulikuwa na samaki mwingine, greilingi, mwenye pezi kubwa la mgongoni kama tanga la dau. Alikuwa mwingi mno. Kisha katika miaka ya 1870 na kuendelea, wafanyabiashara wa mbao walikata misonobari ya Michigan karibu yote. Magogo yalirundikwa kando ya mito, na masika yalipokuja yalisukumwa majini yaelee hadi kwenye viwanda. Magogo yalikwangua sakafu ya mto. Kingo zikabomoka, mchanga ukafunika changarawe ambamo greilingi alitaga mayai. Wakati huohuo watu walimvua bila kiasi. Kufikia miaka ya 1930 greilingi alikuwa ametoweka katika jimbo lote.

Stilihedi asili yake ni pwani ya magharibi ya Marekani, huko California na kaskazini yake. Samaki wa jamii yake walitiwa katika mito ya Michigan kuanzia mwaka 1876. Trauti wa kahawia alitoka Ujerumani. Mayai yake yalivuka bahari kwa meli mwaka 1883. Tarehe 11 Aprili 1884 vifaranga karibu 5,000 walimwagwa katika mto Baldwin, unaoingia katika Pere Marquette. Inasemekana hapo ndipo trauti wa kahawia alipoachiwa katika mto wa Marekani kwa mara ya kwanza.

Usidhani mambo haya ni ya mbali tu. Trauti wa kahawia aliletwa Kenya pia. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, aliwaleta kutoka Loch Leven huko Scotland, wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Mpaka leo kuna trauti katika mito baridi ya Mlima Kenya, na huko Kiganjo karibu na Nyeri kuna kituo cha serikali cha kuwazalisha.

Namna ya kuvua

Mvuvi wa majira ya baridi haamki alfajiri. Jambo hili litakushangaza wewe uliyezoea kuamka usiku kutega nyavu. Maji ya mto wakati huo yana nyuzi 1 hadi 4 tu juu ya sifuri. Samaki ni mnyama ambaye damu yake hufuata joto la maji. Maji yakiwa baridi hivyo, naye anakuwa mzito. Anajificha kwenye kilindi, mahali mkondo ni wa polepole, na hasogei ila kwa lazima. Jua likipanda na maji yakipata joto kidogo, hata nusu ya digrii tu, anachangamka. Kwa hiyo saa nzuri ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Kabla ya hapo mvuvi mwenye akili anakunywa kahawa karibu na moto.

Katika sehemu ya mto iliyo jirani na Baldwin, minyoo hairuhusiwi, wala chambo kingine chochote cha asili. Nyavu ndiyo usiseme. Mvuvi hutumia ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu wa majini, au kitufe cha uzi wa rangi ya chungwa kinachofanana na yai la samaki. Mshipi huwekewa chubwi ndogo ili ndoano ipite karibu kabisa na changarawe. Samaki mzito wa baridi hafuati chakula. Ni lazima chakula kimpitie mbele ya pua. Mvuvi hutupa mshipi juu ya kilindi, anauacha uteremke na maji, anauvuta, anautupa tena. Siku nyingine hurudia hivyo mara mia nne bila kupata kitu. Maji yanayobaki kwenye mshipi huganda katika pete za ufito, na kila baada ya muda mfupi anasimama kuivunja barafu hiyo kwa vidole.

Hatari yake

Uvuvi huu umewaua watu. Maji ya baridi hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa. Mtu akitumbukia ghafla, kwanza hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Kichwa kikiwa chini, badala ya kuvuta hewa anavuta maji. Akiokoka hapo, baada ya dakika chache vidole vinakataa kushika hata tawi lililo mbele yake.

Ndiyo maana wavuvi wa huko wana desturi zao. Huvaa suruali ya mpira inayofika kifuani, na juu yake hufunga mkanda kiunoni, ili akianguka maji yasijae miguuni. Chini yake huvaa nguo za sufu, si za pamba. Pamba ikilowa inapoza mwili, lakini sufu hata ikilowa hutunza joto kidogo. Hawarundiki soksi nyingi zinazobana, maana damu ikizuiwa mguu hupata baridi zaidi. Hutembea na mkongojo wa kupimia kina. Hawakanyagi barafu ya ukingoni, kwa sababu chini yake maji yameila na huvunjika bila kutoa habari. Na huenda wawili wawili. Kama wewe huvua peke yako usiku ziwani au mtoni, hili la mwisho litakuhusu hata bila barafu.

Kwa nini wamwachie?

Katika kipande cha mto cha kilomita 11 hivi, kuanzia daraja la barabara kuu karibu na Baldwin, sheria haimruhusu mtu kuondoka na samaki hata mmoja. Kila anayevuliwa lazima arudishwe. Kwingineko mtoni mtu anaweza kuchukua, lakini wachache tu kwa siku, na kila mwenye umri wa miaka 17 au zaidi lazima awe na leseni.

Kwa mtu mwenye watoto wanaongoja kitoweo, sheria ya namna hii ni ngumu kuielewa, na sisi hatusemi kila mto ufanye hivyo. Hata huko wako wenyeji wanaonung'unika kwamba sehemu nzuri ya mto wao imewekewa masharti ya wageni. Lakini sikiliza hesabu ya upande wa pili. Baldwin iko katika wilaya ya Lake, ambayo ni miongoni mwa wilaya maskini za Michigan. Misonobari ilikwisha zamani. Kilomita chache kutoka hapo ni Idlewild, kijiji cha mapumziko kilichoanzishwa mwaka 1912. Wakati huo Wamarekani weusi walikuwa wakikataliwa katika hoteli nyingi, wakanunua viwanja hapo, wakajenga na kustarehe bila kusumbuliwa. Daktari mashuhuri wa upasuaji, Daniel Hale Williams, alikuwa na nyumba huko. Baada ya sheria ya mwaka 1964 kuondoa ubaguzi mahotelini, wageni walianza kwenda kwingine, na biashara ya kijiji ikafifia.

Basi wilaya hii inahitaji wageni, na wageni wa Januari wanaletwa na samaki. Wanalala kwenye nyumba za wageni, wanakula, wananunua ndoano na petroli, wanamlipa mwenyeji mwenye mashua awaongoze mtoni siku nzima. Samaki aliyeliwa ni mlo wa jioni moja. Samaki aliyeachiwa anaweza kuvuliwa tena mwezi ujao na mgeni mwingine. Masika anataga maelfu ya mayai. Stilihedi hafi baada ya kuzaa kama samoni. Anaweza kurudi ziwani na kupanda tena mwaka mwingine.

Lakini kumwachia samaki ovyo ni sawa na kumuua. Mvuvi hulowesha mikono kwanza, ili asiuondoe ute unaolinda ngozi. Baridi ikiwa kali sana hamwinui nje ya maji hata kidogo, kwa kuwa matamvua anayopumulia ni laini na huganda upesi hewani. Humshika mkiani, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka apate nguvu na kuponyoka mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo mgeni hafahamu mpaka aambiwe. Trauti wa kahawia hutaga mwezi wa Oktoba na Novemba. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga humo, kisha hufukia. Mayai hukaa chini ya changarawe majira yote ya baridi. Mahali hapo huonekana kama doa jeupe kwenye sakafu ya mto, safi kuliko pengine, na panaonekana pazuri pa kukanyaga. Mvuvi mmoja mwenye viatu vizito anaweza kuponda mamia ya mayai kwa hatua chache, siku ileile aliyomwachia samaki mmoja kwa uangalifu mkubwa. Wenyeji wanaowaongoza wageni hulikemea jambo hili kuliko lingine lolote.

Theluji ikianza kuyeyuka, mayai hayo huanguliwa. Kifaranga hatoki mara moja. Hubaki chini ya changarawe majuma kadhaa, na tumboni ana kifuko cha kiini cha yai kinachomlisha. Kifuko kikiisha hujipenyeza juu, akiwa na urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, akaanza kutafuta wadudu kandokando ya mto, mahali maji hayana nguvu. Juu yake, katika changarawe ileile, stilihedi wakubwa wameshaanza kuchimba.