Hodi ya Shangazi

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu, kaskazini ya Mto Kagera, mpaka lilikuwa neno la watawala, si la raia. Mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta, ambao Waingereza na Wadachi waliupatanisha kwa mkataba wa 1890 pasipo kumwuliza hata mwenye mgomba mmoja, sisi tuliuvuka kwa miguu kila siku ya gulio, kwani shangazi yetu aliolewa upande wa Uganda, na harusi na maziko hayakungoja idhini ya dola.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mstari ule kwa vifaru na mizinga. Na tarehe 1 Novemba, ijapokuwa viongozi wa Afrika walikwisha kuahidiana huko Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka waliyoirithi, jabari yule alitangaza kuwa nchi yote iliyo baina ya mstari na mto, kadiri ya kilometa za mraba 1,800, imekuwa milki ya Uganda. Tangazo lile halikutukuta nyumbani. Mama alikuwa ameanika buni uani. Alipokwisha kututoa mbio alirudi peke yake, akalikunja jamvi juu ya buni isije ikanyeshewa, kana kwamba tungerejea magharibi. Tulivuka daraja la Kyaka lingali limesimama. Siku chache baadaye wavamizi walilivunja kwa baruti, na mto tuliouchota maji ukawa ndio mpaka.

Jeshi letu liliwarudisha nyuma, likaendelea hata Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Tuliporejea, nyumba ilikuwa haina mabati wala zizi halina ng'ombe. Jamvi lilikuwapo pale pale, na buni imeoza ndani yake. Hasara hiyo ilifidika kwa jasho na miaka.

Lakini shangazi alipokuja kututazama, yeye ambaye zamani aliingia moja kwa moja hata jikoni, alisimama mbali na kizingiti, akapiga hodi kwa sauti ya mgeni, kana kwamba dhuluma ya mtawala wake ilikuwa deni lake. Mama alitoka akamshika mkono, akasema, "Karibu ndani, wifi, nyumba hii haikuhama."

Akaingia, wakalia pamoja. Ila tangu siku hiyo hata mauti yake, shangazi hakuacha kupiga hodi mlangoni petu.